Ngoma Iliyolazwa Kifudifudi

Siongezi chumvi. Baada ya mafuriko ya El Nino, rafiki yangu Dukicha, mpiga picha wa Garsen, alikwenda kijiji cha Hewani kuwapiga picha wacheza ngoma. Gazeti lilitaka picha yenye ngoma kubwa ya kijiji, nalo lisingepokea nyingine. Ngoma hiyo aliikuta imelazwa kifudifudi, maana mpigaji wake alikuwa amefariki.

Dukicha akaisimamisha.

“Irudishe, mwanangu,” akasema Binti, mjane wa marehemu. “Mwenyewe hajaiaga.”

“Mama, hii ni ngozi ya ng'ombe. Kwetu Waorma, wafugaji, zimejaa.”

Akawapiga picha ngoma ikiwa imesimama. Aliporudi Garsen akajifungia katika chumba cha giza kuosha filamu. Mle mle ndani, nyuma yake, kukaanza kulia ngoma: du, du. Angewasha taa, picha zote zingeungua. Akaendelea kuosha, jasho likimtiririka.

Picha zilitoka safi. Watu wote wamesimama mbali na ngoma kubwa, na ngozi yake imebonyea mahali pawili, upana wa viganja.