Asumini Aenda Chuo Kikuu

Kila alfajiri, akishamaliza kusali, Ghalia alivaa ndara zake na kutokea mlango wa jikoni kwenda bandani kwa Asumini. Hakungoja kuamshwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika nyumba yao ya Ibra kazi ya farasi ya asubuhi ilikuwa yake: kuzoa samadi, kujaza ndoo ya maji, kupima makopo mawili ya shayiri na kuweka fungu la gati, yale majani mabichi wanayolishwa mifugo Oman nzima. Kisha alibandika kipaji cha uso wake kwenye shingo ya farasi, akanusa ule mnuko wa jasho na nyasi, ndipo akaenda kuvaa sare ya shule.

Asumini alikuwa farasi jike mweupe, mpole, mwenye baka dogo la kijivu puani. Jina lake alilipewa na Bibi Buthaina, mama yake Baba. Bibi alizaliwa Unguja, na mpaka leo kila kitu cheupe kilichomvutia alikifananisha na asumini. Lakini mwenye farasi alikuwa Shatha, dada yake Ghalia, msichana wa miaka kumi na minane. Shatha ndiye aliyempanda na kumkimbiza. Ghalia alimlisha na kumsafisha, na moyoni mwake hakuona tofauti yoyote kati ya kumiliki na kutunza.

Siku moja ya mwezi wa Agosti, familia ikiwa imeketi kula wali wa mchana, Shatha alitazama simu yake, akaruka.

"Nimekubaliwa! Chuo kikuu, Nizwa! Uhandisi!"

Mama alipiga vigelegele. Baba yao, Bwana Hashil, mtu asiye na maneno mengi, alitabasamu mpaka macho yakajifunga. Bibi alinyanyua mikono kuomba dua. Shatha akangoja kidogo, kisha akasema upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu:

"Na Asumini naenda naye."

Mkono wa Baba ulisimama nusu ya njia kutoka kwenye sinia.

"Unakwenda na nani?" Bibi aliuliza.

"Na Asumini, Bibi."

"Yaa Rabbi! Watu wanakwenda chuoni na madaftari, mwenzetu anakwenda na farasi! Atalala wapi? Kitandani kwako?"

Mama alicheka, lakini Shatha hakuwa na mzaha. Alikwisha kupanga. Bi Badriya, binamu yake Mama, alikuwa na shamba la mitende huko Firq, kando ya Nizwa, na ndani yake mlikuwa na banda kubwa lisilo na kitu. Kutoka bweni la wasichana mpaka shambani ni mwendo wa dakika kumi kwa gari. Bi Badriya amekubali, na msimamizi wa shamba atatia maji mchana. Shatha alitoa karatasi yenye ratiba: saa za masomo, saa za kulisha, saa za kupanda. Baba aliisoma kutoka juu mpaka chini, akairudia.

"Ukimpuuza hata wiki moja," alisema, "namrudisha Ibra."

Ghalia aliduwaa. Kwamba Asumini angeondoka, hilo peke yake lilitosha kumliza. Lakini lilikuwapo jingine, ambalo nyumba nzima hakulijua mtu ila yeye.

Lilitokea mwezi wa Machi. Alasiri moja alimlisha Asumini mbio mbio kwa sababu rafiki yake Israa alikuwa akimngoja nje, akasahau kutia komeo la lango la ua. Aliporudi baada ya saa nzima, alikuta lango li wazi, na uani, pamoja na Asumini, yumo Adham, farasi dume mweusi wa jirani yao Bwana Amur. Ghalia alipiga kelele, akashika ufagio, akamfukuza dume mpaka akatoka. Akatia komeo. Baba alikuwa amemwambia mara nyingi: lango ni amana yako, siku lango litakapokushinda, kazi ya farasi nitampa mtu mwingine. Ghalia alitazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Akajiambia kwamba halikutokea jambo lolote, na siku zilivyopita akaanza kuamini.

Kabla ya safari ya Nizwa, Baba alimleta daktari wa mifugo kumkagua Asumini. Daktari alikuwa na haraka. Alitazama meno, akabonyeza miguu, akasikiliza moyo.

"Ana tatizo lolote ninalopaswa kulijua?" aliuliza huku akiandika.

"Hana," alijibu Shatha.

Ghalia alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, ameshika ndoo. Aliinamisha macho ndani ya ndoo. Daktari alitia sahihi. Wiki ya pili yake Asumini alipandishwa kwenye tela, akachungulia nje kwa jicho moja, na gari likashika barabara ya Nizwa.

Mwezi wa Septemba ulipita, na wa Oktoba. Shatha alituma picha karibu kila siku: Asumini chini ya mitende, Asumini akila karoti kwenye kiganja cha msichana wa darasa lao. Wanafunzi wenzake walimjua farasi kabla ya kumjua yeye. Mwanzoni waliposikia kwamba kuna mtu kaja chuoni na farasi wake walidhani ni uwongo, na walipoendeshwa mpaka shambani wakamwona, walibaki vinywa wazi.

Ijumaa moja asubuhi, Novemba, Shatha alipiga simu ya video. Ghalia ndiye aliyepokea.

"Kesho kuna mashindano ya mbio," Shatha alisema kwa furaha. "Uwanja mzima wa Nizwa utamjua Asumini. Ila mwenzako kawa mnene! Hebu tazama tumbo hili."

Aligeuza simu. Ghalia akaliona tumbo. Lilikuwa limeshuka chini na kupanuka pande zote mbili, lakini mgongo ulikuwa umekonda, na mbavu za juu zilihesabika.

"Nimempunguzia shayiri nusu nzima," Shatha aliendelea. "Na namkimbiza asubuhi na jioni apungue. Mvivu siku hizi! Jana kasimama katikati ya njia, kakataa katakata kwenda."

Machi, Aprili, Mei... Ghalia alihesabu kwa vidole vyake chini ya meza. Miezi minane. Alijua, maana alisoma kitabuni, kwamba farasi huchukua mimba miezi kumi na moja.

"Usimkimbize!" alisema kwa sauti iliyopasuka.

"Kwa nini?"

"Basi tu. Usimkimbize, dada."

"Una wivu wewe," Shatha alicheka, akakata simu.

Baba alikwenda msikitini na kurudi. Chakula kiliwekwa. Ghalia alikaa mbele ya sinia asinyooshe mkono. Akiyafumba macho aliuona mgongo ule uliokonda. Akisema, ataonekana mwongo wa miezi minane. Asiposema, kesho Asumini atakimbizwa mbele ya watu, na tumboni mwake...

"Mbona huli, mwanangu?" Bibi aliuliza. "Unaumwa?"

"Baba," Ghalia alisema, na machozi yakamtangulia. "Asumini hakunenepa. Ana mimba."

Mama alishika kifua.

"Ati nini?" alisema Bibi.

Ghalia alieleza yote: Israa, komeo, Adham, ufagio. Alieleza na habari ya daktari, alivyosimama na ndoo yake akanyamaza. Alipomaliza, Baba alikuwa amekuwa mweupe midomoni. Hakumgombeza, na hilo lilimtisha Ghalia kuliko kugombezwa. Alinyanyuka, akanawa mikono, akachukua simu.

"Shatha. Usimpande Asumini leo wala kesho. Sikiliza ninavyokwambia. Tunakuja."

"Baba, kesho ni mashindano!" Sauti ya Shatha ilisikika chumba kizima.

"Tunakuja," Baba alirudia.

Walikwenda watatu, Baba, Ghalia na Bibi, ambaye alikataa kabisa kubaki. Milima ya rangi ya kahawia ilipita upande huu na huu, na Ghalia aliomba kimyakimya awe amekosea.

Walipofika Firq, Shatha alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, amevaa mabuti ya kupandia, uso umemvimba kwa hasira. Daktari Asaad, bwana wa makamo kutoka Nizwa aliyepigiwa simu na Bi Badriya, alikuwa amekwisha kufika. Alimpapasa Asumini taratibu, akamzungumzisha, kisha akatoa mashine ndogo yenye kioo cha picha. Alitazama muda mrefu.

"Njooni," alisema.

Kwenye kioo, katikati ya kiza na ukungu, kitu kidogo kilikuwa kikipiga, kikipiga, bila kuchoka.

"Huo ni moyo," alisema Daktari Asaad. "Yu hai, alhamdulillahi. Mimba kubwa hii, ya miezi minane hivi."

Hatamu ilimtoka Shatha mkononi. Alimgeukia daktari, akamgeukia Baba, kisha Ghalia.

"Nimempunguzia chakula," alisema hatimaye. "Nimempiga kwa fimbo jana, alipokataa kwenda."

"Mbio za kesho zingeweza kuwaua wote wawili," daktari alisema. Hakusema kwa ukali, lakini hakulipamba neno. "Njaa hii ikiendelea wiki mbili tatu zaidi, pia. Mama amekula mwili wake mwenyewe ili alishe mtoto. Nani aliyewatanabahisha?"

"Mimi," alisema Ghalia. "Lakini nilikuwa nikijua tangu Machi."

Shatha alimtazama mdogo wake kama mtu asiyemjua. "Ulikuwapo daktari alipouliza," alisema polepole. "Nilisema hana kitu, na wewe ulikuwapo."

"Nisamehe, dada."

"Sijui kama naweza. Leo siwezi."

Alikwenda kwa Asumini, akaweka uso wake kwenye shingo yake, na mabega yakaanza kumtikisika. Bibi alimfuata, akamshika kiuno. Ghalia alibaki peke yake katikati ya banda, na hapana aliyemwambia akae wala aondoke.

Daktari aliagiza asisafirishwe mbali tena mpaka azae. Basi Asumini akabaki Firq, na mashindano yakapita bila yeye. Baba alitoa hukumu yake kesho yake. Kila Ijumaa Ghalia atakwenda naye Firq kusafisha banda tangu asubuhi mpaka alasiri, na matembezi na akina Israa basi. Na kabla ya hayo, atakwenda mwenyewe kwa Bwana Amur kumweleza habari ya farasi wake.

Bwana Amur alisikiliza akiwa mlangoni, kikombe cha kahawa mkononi, mshangao umemjaa. "Adham wangu?" alisema mara tatu. "Na mimi nikijiuliza kwa nini siku ile alirudi ana alama ya ufagio!"

Ijumaa za kwanza Shatha hakusema na mdogo wake zaidi ya salamu. Ghalia alizoa samadi, akabeba maji, akapima shayiri aliyoagiza daktari, wala hakulalamika. Shatha naye aliamka kabla ya masomo kuja kumwongoza Asumini matembezi mafupi chini ya mitende. Mgongo wa farasi ulianza kujaa. Ijumaa ya tano Shatha alikuja na mikate miwili ya chapati na jibini, akampa mmoja Ghalia, wakala wameketi juu ya marobota ya nyasi.

"Na mimi nilimwona amechoka," Shatha alisema. "Niliogopa kumwuliza mtu, wasije wakasema nimeshindwa. Ratiba ile niliiandika mimi mwenyewe, niliona haya."

Katikati ya Februari, asubuhi, Bi Badriya alipiga simu Ibra, anasema na huku anacheka. Walipofika Firq walimkuta Shatha amekaa chini kwenye nyasi, abaya imejaa vumbi, kipindi cha hesabu kimempita. Mbele yake kitoto cheusi chenye miguu mirefu kama vijiti kilikuwa kikijaribu kusimama. Kilianguka kwa mbele. Kikaanguka kwa ubavu. Mara ya nne kilisimama kikitetemeka, na Asumini akakilamba masikio.

Bibi alipangusa macho kwa ncha ya mtandio wake. Ghalia alitaka kusogea, akasita, akamtazama Shatha. Shatha akamwashiria kwa mkono: njoo.

Ndipo Baba aliposema maneno aliyoyanyamazia tangu Novemba. Alichutama karibu na Ghalia, mkono begani mwake.

"Kusahau komeo ni kosa la dakika moja, mwanangu. Ningekasirika siku ile, na siku ya pili yake ningemwita daktari, yakaisha. Kosa la kunyamaza ulilifanya kila siku, kwa miezi minane. Asumini hawezi kusema kilichomo tumboni mwake. Wewe unaweza kusema. Ukiharibu jambo, liseme siku hiyo hiyo, lingali dogo. Na wewe Shatha, usiyemjua maradhi yake usimpige fimbo. Uliza kwanza."

"Ndiyo, Baba," walijibu pamoja.

"Haya, inukeni. Mtoto ana njaa huyo, hajapata bado ziwa la mama yake. Msogezeni."

Wakapiga magoti, mmoja huku na mmoja huku, wakakisukuma kitoto polepole mpaka kikafika.