Mlio wa Bunduki Kwenye Ubatizo wa Achuka

"Gitobu, toa hiyo king'ora. Piga tu ngoma."

"Natabo, tukipiga hizo zako za pole watu watalala."

"Watalala na wanacheza? Hebu muone mama anavyocheza!"

Ilikuwa mchana huko Ngaremara, nje ya mji wa Isiolo, kwenye sherehe ya ubatizo wa Achuka, mtoto mchanga wa Nakuam, dadake Natabo. Natabo na Gitobu walikuwa madijei na walikuwa wapenzi. Mashine ilikuwa moja, lakini mikono haikufanana. Natabo aliuacha wimbo umalize utamu wake, kisha akauingiza mwingine chini kwa chini mpaka mchezaji asijue umebadilika wapi. Gitobu alipenda honi, ving'ora na mabomu.

"Nimeweka mlio mpya. Ngoja usikie," alisema Gitobu.

"Nilikwambia asubuhi sipendi hizo vitu."

"Hii ni moto. Enda umshikie dada yako mtoto, ale."

Natabo akaondoka akiwa amenuna, akamchukua Achuka, akasogea naye kivulini. Gitobu akaukata wimbo katikati, akabonyeza.

Ta-ta-ta-ta-ta!

Spika zote mbili zilitema mlio wa bunduki. Gitobu aliinua mikono kungoja shangwe.

Hakuna aliyeshangilia. Wazee walilala kifudifudi. Sufuria ya pilau ilipinduka. Wanawake walinyakua watoto wowote waliokuwa karibu.

"Ngoroko! Majambazi wamekuja!" mtu alipiga kelele.

"Hapana! Ni mimi! Ni mashine!" Gitobu alilia kwenye maikrofoni, lakini mwangwi aliokuwa ameuwasha uliyararua maneno yake, yakasikika kama amri ya mtu mkali. Watu wakazidi kukimbia.

Vumbi lilipotulia, Nakuam alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Si yuko na Natabo?"

"Natabo mwenyewe yuko wapi?"

Gitobu alipiga simu. Ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Kisha ujumbe ukaingia:

"Usipige, watasikia. Uko hai?"

Akaandika: "Niko hai. Hakuna mtu. Ilikuwa mlio ya mashine. Rudi."

"Nani anakuambia uandike hivyo?"

"Hakuna mtu! Ni mimi. Uko wapi nikuje?"

"Sisemi. Hiyo simu inaweza kuwa imeshikwa na mtu mwingine."

Wakati huo askari waliosikia mlio waliingia mbio, bunduki mkononi. Ujumbe mwingine ukaja:

"Nawaona. Wana bunduki."

"Hao ni polisi!"

"Waliomuua Lowoi pia walivaa kama polisi."

Gitobu alijua Natabo alikuwa na kaka aitwaye Lowoi, na kwamba alifariki. Alifariki vipi, hakujua. Kabla hajajibu, simu ikatetemeka tena.

"Mtoto anataka kulia. Nimemfunika mdomo."

Nakuam, aliyekuwa akisoma begani kwake, alipiga ukemi.

"Atamuua! Natabo atamuua mtoto wangu bila kujua!"

"Ondoa mkono!" Gitobu aliandika. "Apumue!" Ujumbe huo haukusomwa.

Vichaka vya mathenge, ile miti ya miiba, vilianzia nyuma ya boma na kushuka mpaka mtoni. Natabo angeweza kuwa popote mle. Watu wakianza kumtafuta pamoja na askari, angekimbilia ndani zaidi na kukaza mkono.

Gitobu aligeukia mashine. Afande Jarso, mkubwa wa askari, akamzuia.

"Wewe! Umetuletea balaa, na bado unataka kupiga muziki?"

"Afande, tafadhali. Majambazi hawapigi ngoma. Akisikia, atajua."

"Mwache apige," mama yake Natabo alisema akiwa bado ameketi chini, leso imejaa vumbi. "Na nyinyi muweke hizo bunduki ndani ya gari."

Jarso alimtazama yule mama, akawapa askari wake ishara warudi garini.

Gitobu alichomoa waya wa kidude cha milio, akauzima mwangwi. Aliweka wimbo wa kanisa ambao akina mama walikuwa wakiuimba asubuhi. Mwanzoni alishindwa kuushika mdundo. Alifumba macho, akasikiliza. Akauingiza wimbo wa pili chini kabisa, akaungoja ukutane na wa kwanza, akaupandisha kidogo kidogo. Hakuigusa maikrofoni. Mama akaanza kuimba. Nakuam akaitikia.

Wimbo wa pili ukapita. Wa tatu ukaingia. Kichakani kimya.

Kisha, mbali, mtoto akalia.

Natabo alitoka kwenye mathenge mikono ikiwa imechanwa na miiba, Achuka kifuani akilia kwa nguvu. Nakuam alimpokea mtoto, akapiga naye magoti.

Gitobu alimkimbilia Natabo, akasimama hatua chache kutoka kwake. Aliogopa kumgusa.

"Nilikwambia asubuhi," Natabo alisema.

"Uliniambia hupendi. Hukuniambia unaogopa."

"Ungeniuliza."

"Nakuuliza sasa. Lowoi alifanyiwa nini?"

Natabo alikaa chini palepale.

"Tulikuwa malishoni. Aliniambia nijifiche, nisitoke hata akiniita. Akaniita, Gitobu. Aliniita mpaka akanyamaza."

Gitobu aliketi mavumbini kando yake, akalia bila kujali wanaomtazama.

"Nisamehe. Nilidhani nimemuua Achuka. Nilidhani nimekupoteza."

"Enda kwanza kwa mama. Enda kwa kila mzee aliyelala chini."

Alikwenda. Alipiga magoti mbele ya mmoja baada ya mwingine, na wengine walimfokea, naye hakujitetea. Aliporudi, Natabo alikuwa kwenye mashine akiwapigia wachache waliobaki, miiba bado mikononi.

"Hizo nyimbo, ya kwanza na ya pili," alisema bila kugeuka, "nani alikufundisha kuziunganisha?"

"Nimekuwa nikikuangalia."

"Nilidhani huwa huangalii."

Alinyoosha mkono nyuma, akamvuta kando yake.

"Uliitoa ya kwanza mapema," akasema. "Kuja nikuonyeshe."