Masinde Alivyokimbia Baraka

Jumamosi hiyo mjinga alikuwa Masinde, tusibishane. Mwalimu mzima wa hesabu, tai shingoni, amejibanza katikati ya makoti ya mitumba sokoni Nyeri kwa sababu ameona sketi ya buluu ya mchumba wake Gathoni ikija upande wa viazi.

"Hilo koti ni la akina mama, mwalimu," Gathoni alisema, akilisukuma kando. "Toka."

Akatoka, nywele zimejaa nyuzi.

"Nimepiga simu shuleni mara nne. Ati uko darasani. Hata saa ya chakula?"

Masinde aliangalia viatu vyake. Wiki mbili zilizopita, nyumbani kwa akina Gathoni huko Othaya, babake, Mzee Mutahi, alisimama mbele ya ukoo mzima ili ambariki. Mzee akainua mkono wenye usinga. Kabla hajatamka neno, Masinde alikuwa amefunika kichwa kwa mikono, amepindua kiti, ametoka mbio hadi kwenye shamba la majani chai. Wazee wakasema kijana wa Kakamega amekataa baraka.

"Niliwaambia ni tumbo," Gathoni alisema. "Nimekudanganyia wazee, mpenzi. Sasa niambie ukweli nilioficha ni upi."

Masinde alichomoa uzi mmoja nywelini. "Baba yangu alikuwa anatupiga. Kila jioni, kosa au hakuna. Mkono ukiinuka hivi, siko Othaya tena. Niko na miaka saba."

Muuza makoti akageuka, akaanza kukunja suruali iliyokuwa imekunjwa tayari.

"Kumbe ndiyo maana nikikushika kichwa unaruka," Gathoni alisema polepole. "Miaka miwili nanawa mikono kwa ndimu, nikidhani nanuka vitunguu."

Masinde alitaka kucheka, akashindwa. "Tafuta mwanaume kamili, Gathoni. Mimi naogopa mkono wa mzee anayebariki."

"Nikitaka ushauri wa kutafuta mwanaume nitamuuliza mama. Wewe, unanitaka?"

"Nakutaka mpaka silali."

"Basi tunarudi Othaya. Nitamwomba baba akubariki akiwa ameketi, mkono chini."

"Atauliza kwa nini. Nisimame mbele ya shangazi zako wote nitangaze aibu yangu?"

Gathoni, aliyekuwa ameinua mikono amshike, aliiteremsha taratibu, mahali ambapo Masinde angeiona yote miwili.

"Hiyo aibu ni ya babako, Masinde. Nani alikutuma umbebee?"