Buti za Miaka Mitatu

Jumamosi moja ya Novemba, Gerlinde Stadlober alikuwa jikoni akimenya viazi. Supu ilichemka. Nje, mvua baridi ilinyesha juu ya mji wa Leoben, na kule milimani ilikuwa tayari imegeuka theluji. Juu ya kiti palikuwa na buti mpya za kutelezea thelujini. Zilikuwa nyekundu, ngumu kama ndoo.

“Zivae, Romana,” alimwambia binti yake wa miaka tisa. “Tembea tuone.”

Romana alivaa soksi. Juu yake akavaa nyingine, na juu yake ya tatu. Akaingiza miguu, akatembea hadi sebuleni. Ko! Ko! Ko!

“Mama, kisigino kinacheza.”

“Kitatulia. Zimezidi namba tatu tu. Utazivaa miaka mitatu.”

Gerlinde hakuwa mchoyo. Tangu Septemba kiwanda cha chuma kilikuwa kimepunguza saa za kazi, na mshahara wa mumewe, Reinhold, ulikuwa umepungua. Lakini kila Februari, shule zikifungwa kwa wiki moja, familia ilikwenda mlimani kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa kwenye buti. Mwaka uliopita safari iliharibika. Romana alishikwa na baridi miguuni, akaanguka, akalia. Siku ya pili alikataa kutoka hotelini. Tiketi za lifti za kupandia mlima, zilizokwisha kulipiwa, zilikaa mfukoni.

“Mwaka huu ni mara ya mwisho,” Reinhold alikuwa amesema. “Akikataa tena, nauza skii zote.”

Gerlinde alikulia thelujini. Alijua kuteleza kabla ya kujua kusoma. Aliapa moyoni: tutakwenda, na mtoto wangu atateleza.

Mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa Bi Traudl, jirani wa ghorofa ya chini. Kabla ya kustaafu alikuwa mwalimu wa skii.

“Gerlinde, mmefuga farasi humu?” aliuliza. “Taa yangu inacheza ngoma.”

“Utusamehe, Bi Traudl. Ni Romana, anajaribu buti.”

“Buti? Hebu nizione.”

Romana alizivua. Bi Traudl alivuta kiti, akaichukua buti moja. Akatoa bitana nene ya ndani, likabaki gamba tupu.

“Vua soksi zote, mjukuu wangu. Ingiza mguu humu. Sogeza mpaka vidole viguse mbele.”

Romana alifanya hivyo. Bi Traudl akapitisha mkono nyuma ya kisigino chake. Kiganja kizima kikaingia.

“Hapa nyuma panatakiwa nafasi ya upana wa vidole viwili tu,” alisema. “Humu naweza kufuga kuku.”

Romana akacheka. Mama yake hakucheka.

“Mtoto anakua haraka, Bi Traudl.”

“Anakua. Lakini Februari atateleza kwa mguu wa Februari, si kwa mguu wa miaka mitatu ijayo. Skii hufuata buti. Mguu ukicheza ndani, mtoto anageuza mguu na skii haigeuki. Anaanguka.”

“Ndiyo maana nimemvalisha soksi tatu. Zijaze nafasi, tena zimpe joto.”

“Hapo ndipo unapoialika baridi. Soksi nyingi hubana mguu, damu haipiti vizuri. Jasho nalo linakosa pa kwenda, soksi zinalowa. Avae soksi moja nyembamba ya sufu, ndefu hadi gotini. Moja tu, kavu.”

Gerlinde aliweka kisu chini. Mwaka uliopita pia alimvalisha Romana soksi tatu. Siku zote alidhani ubaya ulikuwa wa mlima.

“Kwa hiyo ninunue buti mpya kila mwaka?” aliuliza. “Pesa hizo sina.”

“Nani kakwambia ununue? Hizi zirudishe dukani Jumatatu, kabla hazijakwaruzwa. Mtoto hukodishiwa skii na buti kwa msimu mzima. Unachukua sasa, unarudisha majira ya kuchipua. Uliza kabla ya kulipa: mguu ukikua katikati ya msimu, watakubadilishia bure? Maduka mengi hukubali. Koti na suruali utapata kwenye soko la mitumba la klabu ya skii, Jumapili ijayo. Nenda asubuhi, mchana hubaki matambara.”

“Na kofia ngumu?”

“Hiyo nunua mpya. Iliyowahi kugongwa huwezi kuuona ufa wake.”

Wakati huo Reinhold aliingia, koti likichuruzika maji. Akasikiliza kidogo, kisha akasema, “Skii zangu na za Gerlinde zipo. Vibanio nitavikaza mwenyewe kwa bisibisi.”

“Thubutu!” Bi Traudl alisema. “Kibanio ndicho kinachoshika buti kwenye skii, na ndicho kinachoiachia unapoanguka. Kikikazwa mno, mguu unavunjika. Kikilegea, skii inachomoka ukiwa kwenye kasi. Fundi hukipanga kwa uzito wako, urefu wako, umri wako, uwezo wako na buti yako. Bana matumizi kwingine, hapo usibane.”

“Kwingine wapi?”

“Mnakwenda mlima gani?”

“Ule mkubwa, kama kawaida.”

“Na Romana huteleza wapi?”

“Mteremko wa chini, wa wanaojifunza.”

“Siku nzima?”

“Siku nzima.”

“Basi mnalipia mlima mzima ili mtumie kona moja,” alisema Bi Traudl. “Bonde la pili kutoka hapa kuna kilima chenye lifti mbili za kamba, zinazowavuta watu hadi juu. Tiketi ni chini ya nusu. Wakulima wa pale hukodisha vyumba vyenye jiko, mnapika wenyewe. Na siku mbili za kwanza mpelekeni mtoto kwenye darasa la kikundi. Mwaka jana ulimfundisha wewe, Reinhold. Kelele zako karibu nizisikie huku.”

Reinhold aliona haya, akacheka. Kisha uso ukabadilika.

“Kilima kile cha watoto wachanga? Wenzangu kiwandani watanicheka hadi nistaafu.”

“Wakicheka,” Gerlinde alisema, “waambie walipie tiketi zetu.”

“Gerlinde…”

“Sikiliza, baba Romana. Mwaka jana tulikwenda walikokwenda wao, na mtoto alikaa hotelini. Tunakwenda kilimani.”

Jumatatu alirudisha buti. Wiki hiyo hiyo alikodi vifaa na kuweka nafasi ya chumba shambani, kabla vyumba havijajaa. Skii zake na za Reinhold alizipeleka kwa fundi yeye mwenyewe, maana bisibisi ilikuwa bado mezani.

Februari ilipofika, gari lao lilibeba viazi, unga, mkate mweusi, nyama ya nguruwe ya kukausha na chupa mbili za chai. Siku ya kwanza Romana alianguka mara nyingi, lakini aliangukia kati ya wenzake darasani, nao walianguka kama yeye. Saa sita mchana Gerlinde alimvua buti na kushika vidole vyake. Vilikuwa vya moto.

Siku ya tatu Romana aliweza kugeuka kushoto na kulia, na kusimama alipotaka. Mchana wazazi walikaa chini ya mteremko na sufuria ya supu waliyoileta kutoka chumbani, na Reinhold alitumwa kumwita aje kula. Alirudi peke yake.

“Anasema hana njaa.”

“Mwambie supu inapoa.”

“Nimemwambia. Anasema ipoe.”

Mara lifti ikasimama. Mwendeshaji alifunga kibanda chake, naye akaenda kula.

“Sasa atakuja,” alisema Reinhold.

Romana hakuja. Alivua skii, akaziweka begani, akaanza kupanda kwa miguu. Alipita ukingoni mwa mteremko, kama mwalimu alivyowaagiza, ili asizuie wanaoteremka. Buti zilimkaa sawasawa. Kila hatua ilishika.

“Romana!” Reinhold aliita. “Subiri lifti!”

“Mpaka wamalize kula?” sauti ilijibu kutoka juu. “Baba, njoo! Huku hakuna tiketi!”

Reinhold aliutazama mkate mkononi mwake. Akaurudisha kwenye mfuko, akabeba skii zake na kumfuata binti yake, akihema. Gerlinde alifunika sufuria ya supu, akakaza buti zake.