Mzunguko wa Arielle

Kila asubuhi Kanyere alimsaidia mama yake kutandaza vitenge sokoni Nyakasanza, mjini Bunia, kisha akakimbilia shule. Aliizoea njia hiyo kama alivyozoea kuwa wa kwanza darasani katika Kiingereza. Miaka miwili nafasi hiyo ilikuwa yake, wala hakuna aliyeigusa.

Kisha akaja Arielle, ambaye familia yake ilikimbia vita kule Djugu. Alifika na daftari moja na viatu vya kuazima, na muhula ulipokwisha, wa kwanza akawa yeye. Sasa Profesa Delphin, mwalimu wao wa Kiingereza, alikuwa amemchagua asome hotuba ya Kiingereza mbele ya wazazi siku ya kufunga mwaka wa shule. Kanyere akaingiwa na kijiba cha roho. Arielle akicheka, Kanyere alikasirika; akinyamaza, alikasirika vilevile. Hasidi hana sababu.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, Arielle alimfuata na karatasi yake.

"Kanyere, weye ulianza Kiingereza mbele yangu. Sikiliza kama iko muzuri."

Akasoma kwa Kiingereza kwamba tangu afike Bunia, maisha yake yamegeuka digrii mia tatu na sitini. Alitaka kusema amebadilika kabisa: zamani aliogopa hata kivuli chake, leo anasimama mbele za watu.

Kanyere aliliona kosa papo hapo. Yeye ndiye aliyewaongoza wasichana wanaocheza mbele ya kwaya kanisani. Wakigeuka nusu, huwapa waumini mgongo. Wakizunguka mzima, yaani hizo digrii mia tatu na sitini, hurudi kutazama kulekule walikotazama mwanzo. Basi Arielle alikuwa anasema hajabadilika hata chembe! Na siku ya hotuba, Jumatatu, angekuwepo mgeni, mwalimu wa Kiingereza wa chuo.

"Iko muzuri sana," Kanyere akajibu. "Usibadilishe kitu."

Siku nzima alitembea akitabasamu peke yake. Aibu ya Arielle aliiona tayari, na ilimpendeza.

Jumamosi, kwenye mazoezi ya kwaya, Patience, mdogo kuliko wote, alizunguka mzima badala ya nusu, akabaki anatazama upande wake peke yake. Wenzake wakaangua kicheko. Mtoto akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa kwikwi. Kanyere alimbembeleza, lakini hofu ilimshika: Jumatatu atakayelia hivyo ni Arielle, na mbele ya shule nzima.

Jumatatu asubuhi alimvuta Arielle barazani, akamweleza kosa.

"Ulijua tangu siku ya ine, pale nilikusomea?" Arielle akauliza.

"Nilijua. Nilikuwa na wivu. Niliitaka nafasi yangu."

Machozi yalimlengalenga Arielle. "Na miye nilikuuliza weye juu ninakuamini."

Kanyere akamshika mabega, akamgeuza nusu, kisha akamzungusha mzima, mpaka mwenzake akaelewa. Arielle akatoa kalamu, akaandika upya kwa haraka huku watu wakiingia.

Alisoma bila kutetemeka. Alisema maisha yake yamegeuka nusu, na anaomba siku moja mzunguko ukamilike, familia yake irudi shambani kwao Djugu, naye awe na vitabu mkononi. Profesa Delphin alipotafsiri, akina mama waliotoka Djugu walijifuta macho. Mgeni akasimama kupiga makofi. Kanyere naye akapiga, ingawa wivu ulikuwa bado unamchoma kidogo.

Baadaye Profesa alimwita. Kumbe dirisha la ofisi yake lilitazamana na ile baraza.

"Nilisikia yote," akasema. "Arielle hakukuibia nafasi, alisoma. Kama unaitaka, soma na weye. Wivu iko sawa na kuzunguka muzima, mutoto wangu: unachoka, kichwa inazunguka, na ukisimama uko palepale ulianzia. Leo umegeuka nusu. Sasa baki unatazama huko."