Mpishi wa Jumba Kuu

Harufu ya maziwa yaliyoungua ilianza saa nne asubuhi, katika jiko ambalo halijawashwa moto kwa zaidi ya miaka mia. Wageni hawakuisikia. Kasuku, mtembezaji wao, aliisikia, akakunja pua na kuendelea kupiga domo, maana jina hilo la utani hakupewa bure.

Jumba Kuu ndilo lililovuta watalii katika mji ule mkongwe. Kasuku aliwaonyesha milango ya nakshi, ngazi za mawe, kisima, kisha jikoni, akawasimulia habari za mpishi aliyewatilia watoto wa bwana sumu kwenye maziwa. Ukweli ulikuwemo katika daftari la makumbusho: watoto walikufa kwa homa, na mpishi aliyewauguza akafa nao. Lakini homa haimsisimui mgeni aliyechoka kutembea. Kasuku akatia chumvi, na miaka kumi na minane ilipita bila mtu kumuuliza.

Siku hiyo harufu ilimfuata nyumbani. Jioni binti yake, mtoto wake wa pekee, akashindwa kumeza. Siku ya tatu hata maji yalirudi, na zahanati wakasema koo ni zima.

Mganga, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimnusa msichana shingoni.

"Baba, umemsingizia marehemu," akanong'ona. "Hataki ubani wala kuku. Nenda kaifute kauli yako palepale ulipomchafua, mbele ya watu. Na mwanao awepo."

Kesho yake Kasuku alimkalisha binti kando ya meko, akawageukia wageni thelathini. Aliona aibu.

"Mpishi hakuua mtu," alisema. "Nilitunga mimi. Naomba anisamehe."

Mgeni mmoja akacheka. Wakacheka wote, maana walikwishaambiwa mtembezaji huyu ni bingwa wa vichekesho, na kadiri alivyoapa, akapiga magoti, akalia machozi ya baba anayeona mtoto wake akimtoka, ndivyo walivyozidi kushangilia na kuinua simu zao kumpiga picha, huku mawe ya meko yakipata joto na harufu ile ikijaa jikoni kote, ikimwasha macho, ikimkaba yeye peke yake kati ya watu wote wale.

Binti akamshika mkono. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, ya chini, isiyo na haraka.

"Uliponiita muuaji walikuamini siku ileile," ilisema. "Leo hawakuamini. Basi endelea kuwaambia mpaka waamini."

"Na mwanangu?" Kasuku aliuliza.

"Huyu nitamuuguza mimi, kama nilivyowauguza wale."

Msichana akafumba macho, maziwa meusi yakamchuruzika mdomoni, na wageni wakapiga makofi.