Aliyeitika Chini ya Ngazi

"Anayebisha asimame sasa hivi!" Kler Doh huanza hivyo kila mara, kifua mbele. "Avuke mto, akalale kwenye nyumba aliyoihama Bibi Mu Yeh. Mlango hauna kufuli. Nani? Wewe? Kaa chini bwana, wewe hata chooni unasindikizwa."

Wenzake kambini hucheka. Kisha husogelea moto.

Jioni anayoisimulia, alitumwa kazi ya kawaida tu: kushuka kijijini kuchukua mchele wa wapiganaji wenzake wa msituni. Kamanda akaongeza kazi ya pili, kwa sauti ya chini.

"Binamu yako Dah Kwe amerudi. Mchunguze. Kama ametumwa, mmalizie kijitoni."

Sababu ilikuwepo. Mvua zilipoanza, askari wa serikali walimkamata Dah Kwe, wakambebesha masanduku ya risasi na kumtanguliza njiani, ili mabomu ya ardhini yamlipukie yeye kwanza. Watu wa namna hiyo hawarudi. Dah Kwe alirudi. Mzima! Na mkononi ameshika kopo la maziwa ya askari, halijafunguliwa.

Kijiji kizima kiliacha kumsalimia.

Kler alipanda ngazi ya mianzi na bunduki yake. Ndani kulinuka samaki wa kuchachushwa, moshi, na kitu kingine... Udongo. Udongo wa shimo lililochimbwa leo.

Dah Kwe alikuwa ameketi akitazama ukuta, wali umempoea mbele yake. Zamani angemtania, "Kichura umefika," kwa jinsi Kler anavyojivimbisha. Jina hilo hakuna mwingine aliyekuwa akimwita.

"Kaka Dah, maziwa umepewa na nani?"

Kimya.

"Njia ya kwetu umewaonyesha?"

Kimya.

"Ahaa. Bubu wa kulipwa."

"Shika adabu yako," Bibi Mu Yeh alinong'ona. Wote wawili aliwalea yeye. "Hajauza mtu. Roho yake imeshtuka, imebaki huko kwenye mabomu. Ngoja niiite. Ikirudi atakujibu mwenyewe."

"Na isiporudi?"

Bibi aliitazama bunduki. "Basi utafanya ulilotumwa."

Akaweka tonge la wali, ndizi, kipande cha muwa, na uzi mweupe wa kumfunga mkononi roho ikishaingia. Akafungua mlango. Nje giza lilikuwa linashuka.

"Mtu asiseme neno," alionya. "Ni kama kuku aliyepotea. Ukimshtua, hapandi."

Akagonga ngazi kwa mwiko.

Ko. Ko. Ko.

"Prrr... rudi, Dah Kwe. Usikae msituni. Usikae mtoni. Wali upo. Rudi nyumbani..."

Nguruwe chini ya nyumba walinyamaza. Wote, kwa mara moja.

Halafu ngazi ikalia.

Kriii...

Na mwanzi haulii bila uzito.

Kler aliinua bunduki. Msituni wamefundishwa: anayepanda ngazi gizani anaulizwa neno la siri mara moja. Asipolijua, piga. Kijiji cha jirani kiliteketea kwa sababu mlinzi aliuliza mara mbili.

Kriii...

"Neno!" akafoka.

"Nyamaza wewe!" Bibi alimshika mkono.

Chini kulisikika pumzi. Kisha sauti.

"Nimekuja."

Sauti ya Dah Kwe. Na Dah Kwe yuko nyuma yake, ameketi, mdomo ameufumba.

Kler akafyatua.

Nyuma yake kitu kikaanguka, kizito kama gunia la mpunga.

Hakuna jeraha. Hakuna hata tone la damu. Ila macho ya Dah Kwe, ambayo tangu arudi hayakumwangalia mtu, yalikuwa yanamtazama Kler. Uzi ulibaki mkononi mwa Bibi.

Kulipokucha walikagua chini. Hapakuwa na alama ya buti. Nyayo za miguu mitupu zilitoka msituni hadi kwenye ngazi. Za kurudi hazikuonekana. Kamanda alisema ni askari aliyeigiza sauti, na Dah Kwe moyo ulisimama kwa mshtuko wa risasi. Akampigapiga Kler begani.

Hapo ndipo Kler huishia, akidai sigara kama malipo ya hadithi.

Lakini jana ilikuwa sikukuu ya kufunga nyuzi. Kila mkono kambini ulikuwa na uzi mweupe. Wake mtupu.

"Shujaa, mbona wewe hujafungwa?" mmoja akamchokoza.

Kler alichokonoa moto.

"Kuna kipande huwa nakiruka," alisema. "Ile sauti haikusema 'nimekuja' tu. Ilisema, 'Kichura, usipige. Ni mimi.' Nami nilimtambua. Kabla sijafyatua."

Hakuna aliyecheka.

"Kila mwaka namwomba Bibi aniitie roho yangu, anifunge uzi. Anakataa. Hata mwiko haugusi nikiwepo." Aliufunika mkono ule mtupu kwa kiganja. "Anasema anaogopa ataitika nani."